SIMON KIMBANGU, MUFUNGWA WA MIAKA 30 MU ELISABETHVILLE



Mu kozi ya sosiolojia tunajifunza majina ya watu wa Ulaya: Durkheim, Weber na wengine. Tunaandika mu kaye, tunakariri juu ya egzamini, kiisha tunasahau. Wengi wetu wanafikiri mawazo yale ni ya kule Ulaya tu, hayatuhusu sisi watu wa Kipushi. Lakini kuko maisha ya mutu mumoja wa inchi yetu yenye kutuonyesha wazi namna jamii inaita kitu kosa, namna inamuhukumu mutu, na namna jamii yenyewe inabadilika. Mutu ule ni Simon Kimbangu. Alizaliwa mbali sana na sisi, mu Bas-Congo. Lakini alikufa hapa karibu, mu buloko ya Elisabethville, muji wenye tunaita leo Lubumbashi, karibu kilometa 30 kutoka hapa.

Tuweke ulizo letu tangu mwanzo. Mwaka 1921 Leta ya Wabeleji ilisema mutu huyu ni mukosaji mukubwa, anastahili kufa. Mwaka 2023 Leta yetu ilitia tarehe 6 ya mwezi wa 4 mu hesabu ya siku za kupumzika kazi inchi nzima, kwa kukumbuka mapigano yake. Mutu ni ule ule, matendo ni yale yale. Basi, ni nini ilibadilika?

1. Utoto wake na wakati wake

Kanisa lake linasema Kimbangu alizaliwa tarehe 12/9/1887, mu kijiji cha Nkamba. Alibaki yatima mapema, akakomaa mu mikono ya mama yake mudogo, jina lake Kinzembo. Nkamba iko karibu na Ngombe Lutete, misheni ya Wabatisti wa Uingereza. Kule Kimbangu alijifunza kusoma na kujua Neno la Mungu. Akaoa Muilu Marie, na mu mwaka 1915 bwana na bibi wakabatizwa. Walizaa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda. Baba yao akawa katekista mu kijiji chake.

Inafaa tujue ulikuwa wakati gani. Watu wa Bas-Congo walikuwa wamekwisha kuona mambo mengi mu miaka michache. Waliona kazi ya kubeba mizigo ya wazungu, waliona njia ya masinema ya moshi toka Matadi mupaka Léopoldville yenye ilimalizika mwaka 1898, waliona kodi, waliona ugonjwa wa usingizi wenye uliua vijiji vizima. Kiisha, mwaka 1918, ikaja homa kubwa yenye ilizunguka dunia yote. Wazee hawakuwa na jibu, nganga hawakuwa na dawa, na mashefu wenye walitiwa na Leta hawakuheshimiwa sawa wale wa zamani.

Durkheim, mwalimu wa Ufaransa mwenye alizaliwa Épinal mwaka 1858 na kufa Paris mwaka 1917, alifundisha juu ya hali ya namna hii. Wakati jamii inabadilika mbio, sheria za zamani zinakufa mbele sheria za mupya hazijaota mizizi. Mutu anabaki bila kujua ni kitu gani kizuri na ni kitu gani kibaya, wala atumaini nini. Durkheim aliita hali ile anomi, ni kusema kukosa kanuni. Hakufika Congo hata siku moja, lakini mutu wa Nkamba wa mwaka 1918 angeelewa maneno yake mara moja.

2. Wito wake

Mu mwaka ule wa homa, Kimbangu alisikia sauti yenye ilimwita achunge watu wa Mungu. Aliogopa, akakataa. Akakimbia mpaka Léopoldville kutafuta kazi, sawa vijana wengi walivyofanya. Kule pia sauti haikumuacha, na kazi haikumupa raha. Akarudi Nkamba kulima shamba lake.

Tarehe 6/4/1921, mu kijiji cha Ngombe Kinsuku, aliingia mu nyumba ya mwanamuke mugonjwa, jina lake Kiantondo. Akamuwekea mikono na kuomba kwa jina la Yesu. Watu wenye walikuwa pale walishuhudia kwamba mwanamuke alipona. Habari ikaruka sawa moto mu majani makavu. Mu juma chache Nkamba ikajaa watu. Wengine waliacha mashamba, wengine kazi ya wazungu, wengine walitoka hospitali na wagonjwa wao mugongoni. Wakaanza kuita kijiji kile Yerusalema Mupya.

Alifundisha nini? Alisema watu waache fetishi, bwana mumoja awe na bibi mumoja, waache pombe na michezo ya haya. Angalieni vizuri, ndugu: wamisionere walikuwa wamefundisha mambo yale yale miaka makumi, na fetishi zilibaki chini ya vitanda. Sasa katekista mumoja wa kijiji, mu miezi michache tu, aliona watu wenyewe wanaleta fetishi na kuzitupa njiani.

3. Nguvu zake zilitoka wapi?

Hapa tumwite mwalimu wa pili, Max Weber wa Ujerumani. Weber aliuliza: juu ya nini watu wanamutii mutu? Alipata majibu matatu. Wanamutii mumoja juu ya desturi, sawa shefu mwenye babu yake alikuwa shefu. Wanamutii mwingine juu ya sheria na karatasi, sawa administratere mwenye barua ya kazi. Na wanamutii wa tatu juu ya zawadi yenye wanaona ndani yake. Ile zawadi Weber aliita karisima. Neno lile ni la barua za Mutume Paulo. Mu Biblia yetu ya Kiswahili tunasoma karama.

Kimbangu hakuwa shefu, na hakuwa na karatasi ya Leta. Hata misheni haikumutuma kufanya kazi ile. Alikuwa na karama tu. Nguvu ya namna hii njo inaogopesha sana serikali, maana haiombi ruhusa kwa mutu. Weber alikufa mwezi wa 6, 1920. Kitabu chake kikubwa chenye kueleza mambo haya kilianza kuchapwa nyuma ya kifo chake, mu mwaka 1921, mwaka ule ule wenye Kimbangu alisimama mbele ya tribinali.

4. Kufungwa na kuhukumiwa

Administratere wa Thysville (leo Mbanza-Ngungu), Bwana Léon Morel, alikuja Nkamba mwezi wa 5 kuona kwa macho yake. Aliona watu wanaimba na kuomba, lakini aliona pia kitu kingine: watu weusi wengi sana pamoja, wenye hawakumuogopa. Akarudi mwezi wa 6 pamoja na waaskari. Kimbangu akawaponyoka. Mu miezi mitatu alijificha mu vijiji na kufundisha usiku, na hakuna mutu alimuuza. Mwezi wa 8 Leta ikatia inchi ile chini ya amri ya waaskari. Magazeti ya wazungu yalipiga makelele, yakitaka azabu kali. Kiisha, mwezi wa 9, Kimbangu alirudi yeye mwenyewe, akajitoa mu mikono ya Leta. Hakupigana.

Tribinali ya waaskari ilikaa Thysville. Zuzi alikuwa Komanda De Rossi. Kimbangu hakupewa avoka wa kumutetea. Walimushitaki kwamba anaharibu usalama wa Leta na kuchochea watu juu ya wazungu. Tarehe 3/10/1921 hukumu ikasomwa: fimbo 120, kiisha kifo.

Wamisionere wa Kiprotestanti waliomba huruma kwa wakubwa wa Ubeleji. Si wote walikubali mafundisho yake, lakini walijua kwamba hakuua mutu na hakuiba kitu. Mufalme Albert I akageuza hukumu: pahali pa kifo, buloko mpaka mwisho wa maisha. Ili watu wake wasimufikie tena, wakamupeleka Elisabethville, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka kwake.

5. Kosa ni nini?

Mu siku zile wazungu wengi walipenda mafundisho ya daktari mumoja wa Italia, Lombroso. Mu mwaka 1876 alitoa kitabu chenye kusema kwamba mukosaji anazaliwa mukosaji, na kwamba unaweza kumujua kwa kupima kichwa chake, taya lake na masikio yake. Kama Lombroso alisema kweli, kosa liko mu mwili wa mutu. Leo hakuna mwalimu wa kweli anafundisha vile tena.

Durkheim alikataa njia ile. Mu kitabu chake cha mwaka 1895 juu ya kanuni za sosiolojia alieleza kwamba kosa haliko mu mwili wa mutu. Liko kati ya mutu na jamii yake. Tendo linaitwa kosa sababu linaumiza mawazo yenye jamii inashika kwa nguvu. Tena alisema hakuna jamii bila makosa. Na azabu, kwa mawazo yake, haikuwekwa kwanza juu ya kumubadilisha mukosaji. Inawekwa juu ya wale wengine, wenye hawakukosa, wapate kusimama pamoja na kusikia kwamba sheria yao ingali na nguvu.

Tuweke mafundisho haya juu ya tribinali ya Thysville. Wazungu wa Congo walikuwa wachache kati ya watu wengi. Maisha yao yote yalisimama juu ya wazo moja: mweusi hawezi kusimama mwenyewe bila muzungu. Kimbangu hakuiba hata shilingi, lakini aliumiza lile wazo. Aliombea wagonjwa bila kuuliza daktari, alifundisha bila kutumwa na misheni, alikusanya watu bila ruhusa ya administratere. Lile njo kosa lake. Ile azabu ilikuwa juu ya kutuliza mioyo ya wale wenye kuhukumu. Mutu mwenye anataka kujua jamii inaogopa nini, aangalie inaazibu nani kwa ukali.

Durkheim aliongeza kitu kimoja. Pengine mutu mwenye anaitwa mukosaji leo anatangulia kuonyesha mema ya kesho. Mufano wake ulikuwa Sokrate, mwenye watu wa Athene walimunywesha sumu mu mwaka 399 mbele ya Kristo, juu ya kufundisha vijana kufikiri. Sheria za Athene zilimuhukumu sawasawa, na ingawa vile, mawazo yake yalihitajiwa na Athene yenyewe.

6. Miaka 30 kwetu Katanga

Kimbangu alifikishwa Elisabethville akiwa na miaka 34 hivi. Angalieni ni nini ilipita inje ya buloko wakati yeye alikuwa ndani. Mine ya Kipushi ilifunguliwa, watu wakaletwa toka mbali kuchimba shaba na zenki. Mwezi wa 12, 1941, wafanya kazi wa Union Minière walisimamisha kazi mu Elisabethville wakiomba mushahara. Waaskari wakapiga risasi juu ya watu wenye walikusanyika mu kiwanja cha mupira, na makumi wakafa. Kuomba mushahara pamoja na wenzako kulikuwa kosa wakati ule. Leo haki ya kusimamisha kazi imeandikwa mu katiba yetu. Mufungwa alikuwa mu muji ule ule, nyuma ya kuta.

Na kule kwao? Leta ilifikiri kwamba, kama muchungaji ameondolewa, kondoo watatawanyika na kusahau. Walitawanyika kweli, lakini hawakusahau. Wafuasi wake walifukuzwa pamoja na jamaa zao, wakapelekwa mu majimbo mengine, mpaka Lowa na Oshwe. Kanisa lao linahesabu jamaa 37,000 zenye zilifukuzwa. Watu wa historia wengine wanataja hesabu ndogo kuliko ile. Pahali pote walipofika, walipeleka nyimbo zao na maombi yao. Azabu yenyewe njo iliwapeleka mbegu. Na Nkamba, Mama Muilu Marie alishika kazi ya bwana wake kwa siri miaka yote ile. Wabinti, msisahau jina hili: bila mama huyu, hatungesikia habari za yule bwana.

Kimbangu alikufa tarehe 12/10/1951, bado mufungwa. Alikaa mu kifungo miaka 30. Nelson Mandela, mwenye dunia yote inamusifu kwa haki, alikaa 27.

7. Lakini kila mwenye kuhukumiwa ni nabii?

Hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: kama kosa ni kile tu chenye jamii inaita kosa, basi hakuna kibaya hata kimoja? Mwizi na muuaji nao watasema wao ni Kimbangu?

Jibu liko karibu nasi, ku mupaka wa Zambia. Mu mwaka 1925 kulitokea mutu mwingine, Tomo Nyirenda, mwenye alitoka Nyasaland. Alijiita Mwana Lesa, na ninyi wenye kusema Kibemba na Kilamba mnajua jina lile lina maana gani. Yeye pia alihubiri na kubatiza, na watu wengi wakamufuata. Yeye pia alikuwa na ile karama yenye Weber alisema. Lakini alitumia ubatizo kwa kutafuta walozi. Wenye maji yaliwashitaki, waliuawa. Makumi ya watu walikufa upande wa Rhodesia na upande wa Katanga. Mu mwaka 1926 Waingereza walimunyonga.

Wote wawili walikuwa na karama, na Leta iliwahukumu wote wawili. Juu yao hukumu zilifanana kidogo, lakini matunda hayakufanana hata kidogo. Sosiolojia inatueleza namna gani watu wanamufuata mutu, na namna gani jamii inamuhukumu. Haitupimii kama matendo yake ni mazuri ao mabaya. Kazi ile inabaki kwetu, kwa zamiri yetu na kwa Neno la Mungu. Durkheim mwenyewe hakusema kila mukosaji ni Sokrate. Alisema tu kwamba kati ya wengi anaweza kuwa mumoja. Na juu ya ule mumoja, tribinali inapaswa kusikiliza mbele ya kukata maneno. Thysville haikusikiliza.

8. Nyuma ya kifo

Mu mwaka 1955 mwalimu mumoja wa Ufaransa, Georges Balandier, alitoa kitabu juu ya sosiolojia ya Afrika. Alieleza mwendo wa Kimbangu na wengine wa namna yake kuwa jibu la watu wenye walikosa njia nyingine ya kusema chini ya ukoloni. Kule kwenye siasa ilikatazwa, dini njo ilisema.

Kiisha mambo yakaenda mbio. Tarehe 24/12/1959 Leta ya Wabeleji ilitambua kanisa la Wakimbangu. Mwezi wa 4, 1960, mifupa ya mufungwa ilitolewa Elisabethville na kurudishwa Nkamba. Nyuma ya miezi mitatu hivi, tarehe 30/6/1960, Congo ikapata uhuru. Mu mwaka 1969 kanisa lile lilipokelewa mu Baraza la Makanisa la Dunia.

Hata hapa Weber alikuwa ameona mbele. Alifundisha kwamba karama ya mutu mumoja haiwezi kudumu hivi hivi. Nyuma yake lazima watu waweke sheria, viti, biro na warizi. Vile njo ilifanyika. Mwana wake Diangienda aliongoza mpaka kufa kwake mwaka 1992, akafuatwa na ndugu yake Dialungana, na tangu 2001 mujukuu. Wakristo wengine wanabishana sana na kanisa lile juu ya mafundisho yenye lilitoa nyuma juu ya Kimbangu mwenyewe. Mabishano yale ni ya kweli, lakini si ya leo. Sisi tunasema juu ya mutu wa mwaka 1921.

9. Inatufundisha nini?

Turudi ku ulizo letu. Kimbangu hakubadilika, jamii njo ilibadilika. Wazo lenye aliumiza lilikufa, na pamoja nalo kosa lake likakufa.

Sasa tusiangalie Thysville tu. Tujiangalie. Mu miji yetu mutu mumoja anapiga kelele: mwizi! Mbele ya kuuliza jina lake, watu wamekwisha kuokota mawe. Mu nyumba zingine, kazi imepotea ao mutoto mudogo amekufa, kiisha yatima wa nyumba anaitwa mulozi na kufukuzwa inje usiku. Sheria ya tarehe 10/1/2009 juu ya kulinda mutoto inasema wazi kwamba kumushitaki mutoto ulozi ni kosa lenye azabu. Mbele ya ile sheria, ni mutoto mwenye alihukumiwa. Leo ni mwenye kumushitaki. Haya ni mabadiliko makubwa ya jamii, yameandikwa ku karatasi. Lakini mu mioyo ya wengi hayajaingia bado, na yatima wangali wanalala mu soko.

Komanda De Rossi alikuwa na zuria ya sheria, alikuwa na vitabu, alikuwa na waaskari. Sisi hatuna vitu vile. Tuko na kinywa tu, na pengine jiwe. Lakini kila mara tunamuita mutu mukosaji bila kumusikiliza na bila kumupa mwenye kumutetea, tunakaa mu kiti kile kile cha Thysville. Kama siku moja watakuletea mutu na kukuambia umuhukumu pamoja nao, uliza kwanza: alifanya nini? Ni nani alimuona? Na sisi, tunaogopa nini?